Ufunguo wa Tatu

Moseley, Birmingham
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Mwanangu Sabine,

Salamu nyingi na pole na kazi. Natumaini wewe, mumeo Gédéon na mtoto Merveille mko wazima. Jino la Merveille limepona, au bado linamliza? Mpeleke kwa daktari mapema, jino haliogopi maombi. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo yamejua kabla ya redio kwamba baridi inakuja.

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Simu analipia Varsha, na binti yangu huyo, Mungu ambariki, ameweka mtambo wa kuona nimeongea na nani na nimefika wapi. Anasema ni kwa usalama wangu. Basi mambo yangu na wewe nitayaandika, tena kwa Kiswahili. Varsha alizaliwa hapa hapa Birmingham. Akisikia Kiswahili anacheka, lakini kukisoma hawezi. Nina miaka sabini na mbili na lugha tatu kichwani, na ni hii ya sokoni Kisumu iliyobaki kuwa ya siri.

Nimeanza usafi wa Diwali, maana mwaka huu ni tarehe 20 Oktoba. Vikuukuu vitoke, vipya viingie. Majani ya bustanini yamegeuka rangi mapema. Nimeokota vikapu viwili niyachovye kwenye nta yabaki mekundu, kisha tuyashone kwenye torani zetu za kuuza. Watu wa Moseley hawajui torani ni kitu gani, wanataka tu pambo la kutundika juu ya mlango wakati majani yanaanguka. Wacha watundike. Ukienda soko la mitumba Jumapili niangalizie vifungo vya shaba na kitambaa chochote cha rangi ya haradali.

Kuna jambo linanisumbua, na usinicheke. Jana asubuhi nimekuta meza ya chakula imejaa majani yaliyokwisha kuchovywa, yamepangwa kwa ukubwa, na sufuria ya nta bado ina joto. Si mimi niliyefanya, ningekumbuka. Na ule mkasi wangu mkubwa wa kushonea nimeukuta ndani ya pipa la mchele. Nani anaweka mkasi kwenye mchele? Vitu vinatembea katika nyumba hii, Sabine, na miguu si yangu.

Usimwambie Varsha.

Mama yako,
Neeta


Hodge Hill
Jumatatu, 22 Septemba 2025

Mama Neeta mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Yesu, na wewe uitike kwa jina unalotaka, kama kawaida yetu. Sisi wote ni wazima kabisa. Jino la Merveille lilishang'olewa tangu Julai, na ni wewe uliyemletea aiskrimu akala mpaka akasahau maumivu. Umesahau, eh? Mimi pia ni mchovu. Juzi nilitia chumvi kwenye chai ya Gédéon, akainywa yote kwa kuogopa kuniuliza.

Kuhusu yale majani, labda uliyachovya huku unasinzia. Miaka kumi na moja nakujua. Tangu ile siku kwenye darasa la kushona uliponisikia nikiitukana cherehani kwa Kiswahili ukacheka mpaka ukakaa chini, sijawahi kuona mikono yako imetulia. Hata usingizini lazima inatafuta sindano.

Jana nilienda sokoni bila wewe, maana sasa kule kwenye nyumba ya wazee wamenipa zamu za jioni, Jumapili asubuhi pekee ndiyo yangu. Nimepata kopo zima la vifungo, pazia la mahameli rangi ya haradali kama ulivyotaka, na pete za pazia za shaba. Halafu, Mama, kwa yule Kalasinga mgeni anayeuza vyombo vya shaba, Mandeep, mzaliwa wa Nakuru, nikaona taa. Taa ya kwenu kabisa, ya kuweka samli na utambi, yenye tausi juu na maandishi ya kwenu kuzunguka kitako. Sikuweza kuyasoma, lakini moyo uliniambia hii ni ya Mama Neeta.

Naiacha kibarazani pamoja na barua hii nikipita kwenda kazini, najua saa hizi uko hekaluni. Ni zawadi ya Diwali, imewahi kidogo. Usinigombeze.

Mtoto wako,
Sabine


Moseley
Jumatano, 24 Septemba 2025

Sabine,

Salamu nitakupa mwisho.

Taa ile ni yangu. Maandishi yanasema: Neeta, 11 Februari 1974. Kwetu chombo cha harusi hakitoki kwa fundi bila kuchorwa jina la bibi harusi na siku yake. Mama yangu alimsimamia fundi pale Kisumu mpaka herufi ya mwisho. Taa ilikuwa kwenye kabati la chini ya ngazi, imefungwa ndani ya khanga. Nimekwenda kuangalia. Khanga ipo, imekunjwa vizuri. Taa haipo, na sinia mbili hazipo, na bilauri zote sita hazipo.

Mtu anaingia humu ndani. Anachukua anachotaka, anakunja khanga, anaondoka. Nilipoelewa hivyo nilikaa kwenye ngazi nisiweze kupanda wala kushuka.

Funguo za mlango huu ni tatu. Mmoja ninao mimi, mmoja anao Varsha, na wa tatu nilikupa wewe. Sisemi kitu. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nimekaa hapa nahesabu nguo zangu. Mwulize huyo Mandeep nani alimletea taa, uniandikie.

Varsha asijue. Mara ya mwisho alikuja na kitabu chenye picha za nyumba ya wazee huko Solihull, ina bustani na samaki. Akisikia wezi wanaingia kwangu, wiki ijayo nitakuwa nawalisha hao samaki.

Wasalimie nyumbani.

Neeta


Hodge Hill
Jumatatu, 29 Septemba 2025

Mama Neeta mpenzi,

Salamu za amani. Hapa tuko salama, ingawa barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama na baadaye nikashindwa kula.

Mama, kwetu Uvira mtu akiitwa mwizi barabarani hapewi nafasi ya kujieleza. Nimeona kwa macho yangu. Kwa hiyo neno hilo hata likiandikwa kwa upole linanitia baridi. Sijachukua kitu kwako, hata uzi. Ukitaka ufunguo wako nitauleta leo hii. Nimelia, nakuambia wazi, halafu nikajisema: huyu ni mama, ameogopa, na mtu akiogopa hupiga aliye karibu.

Kwa Mandeep nilirudi jana. Anasema hakumbuki vizuri nani alimletea. Vitu vinakuja vingi.

Nakuomba jambo moja. Usiwashe moto wowote karibu na yale majani. Nta inashika haraka kuliko mafuta ya taa. Je, unakula? Kuna daktari uliyekuwa unamwona pale karibu na posta, ungempitia akupime presha, na umwambie hulali. Nitakusindikiza nikipata nafasi.

Mtoto wako, bado,
Sabine


Moseley
Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mwanangu Sabine,

Salamu nyingi na pole na kazi. Natumaini mko wazima. Jino la Merveille limepona?

Nisamehe kwa maneno yale. Ufunguo kaa nao. Nikianguka bafuni nani atanifungulia, samaki wa Solihull? Wewe si mwizi. Mwizi ni mwingine, na nimeanza kumjua tabia zake. Anapenda jikoni. Anawasha jiko na kuliacha linawaka. Juzi amekunywa chai yangu nusu kikombe. Jana amefungua barua ya benki akaiweka kwenye friji. Haibi pesa. Anataka nijue kwamba yupo, hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Nimepata dawa yake. Kila dirisha nimeweka taa ya udongo yenye samli, zinawaka kutwa kucha, aone nyumba ina mtu aliye macho. Madirisha kumi na moja. Juu yake nimetundika mishipi ya majani, nyekundu na manjano, na watu wanaopita wanasimama kupiga picha. Mwanamke mmoja aligonga kuniambia nyumba yangu ndiyo nzuri kuliko zote katika mtaa. Sikumfungulia. Nilimshukuru kupitia tundu la barua.

Salamu nyingi na pole na kazi. Jino la Merveille mpeleke mapema.

Mama yako,
Neeta


Hodge Hill
Ijumaa, 10 Oktoba 2025

Mama mpenzi,

Salamu. Leo naandika kwa kifupi.

Asubuhi basi lilisimama mbele ya nyumba yako. Nimeona dirisha la sebuleni. Mwali unafika kwenye majani, Mama. Yamejikunja ncha na nta inadondoka juu ya kitambaa. Nilishuka nikagonga, hukufungua.

Naomba ruhusa nimwambie Varsha. Nakuomba kama mtu anayepiga magoti.

Mtoto wako,
Sabine


Moseley
Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Sabine,

Salamu. Ruhusa hupati.

Wewe mwenyewe ulinisimulia juu ya yule bibi wa chumba namba nane kazini kwako, anayegonga kioo akiuliza basi la kwenda kwao linapita saa ngapi. Ulinisimulia ukiwa na huruma, lakini mimi sijamsahau hata siku moja. Nina nyumba yangu. Mume wangu alikufa katika chumba cha mbele, na mlango ule aliupaka rangi yeye. Ukimwambia Varsha, chumba namba tisa ni changu, na wewe si mtoto wangu tena.

Siku ya Alhamisi nitatoka kwenda hekaluni kutoa sadaka, kisha nitafunga mlango mpaka Diwali ipite.

Neeta


Moseley
Ijumaa, 17 Oktoba 2025

Mwanangu,

Sasa nina ushahidi, na natamani nisingekuwa nao.

Jana nilitoka saa tatu asubuhi, nikarudi saa sita na nusu. Kabla sijavua viatu nilijua. Taa zangu za udongo zote kumi na moja hazipo. Mahali pake pamewekwa vitaa vya plastiki vya betri, vinacheza cheza kama moto na ukivishika ni baridi. Majani yameshushwa yote, yamewekwa kwenye kikapu nyuma ya mlango. Viberiti vyote vimekwenda, hata kile cha ndani ya kibweta cha kushonea. Nani anajua kiberiti kile? Mlango haukuvunjwa.

Huyu mtu ananichezea. Anabadilisha nyumba yangu huku mimi namwomba Mungu. Nimekaa kwenye kiti cha ukumbini tangu jana, mgongo ukutani, na panga la bustani mapajani. Sijala, kwa sababu sijui amegusa chakula gani. Tarishi alisukuma barua nikapiga kelele, naye akakimbia. Akirudi huyo mwingine nitamkata, Sabine. Mungu anisamehe, nitamkata kwanza kisha nitamwuliza jina.

Naitia barua hii posta mbio, kisha narudi kitini. Usije. Nisije nikakudhania ni yeye.

Mama yako,
Neeta


Hodge Hill
Jumamosi, 18 Oktoba 2025

Mama Neeta mpenzi,

Nakusalimu kwa woga. Ukisoma barua hii kaa chini, panga liweke mbali, kunywa maji ya bomba. Hakuna mtu aliyeyagusa.

Aliyeingia Alhamisi ni mimi.

Niliposoma kwamba utakwenda hekaluni, niliomba ruhusa kazini, nikanunua vitaa vya betri, nikaingia kwa ufunguo wako. Nilitaka moto utoke katika nyumba ile kabla haujakuua. Nilifikiri utakasirika tu, utanipigia simu unitukane, tucheke. Sikufikiri nitakufanya ukae na panga. Nilikuwa nimeambiwa kwamba unamwogopa mtu anayeingia kwa siri, na mimi nikaingia kwa siri. Gédéon aliniambia, "Weye Sabine, utakuya kufungwa. Kuingia mu nyumba ya mutu bila yeye kujua ni wizi." Kifungo sikukiogopa. Sasa naogopa nilichokutendea.

Kuna na lingine, na hili ndilo zito. Nilikudanganya juu ya Mandeep. Anakumbuka vizuri sana. Aliniambia hivi: "Hiyo taa nililetewa na mama mmoja mzee, koti la buluu, na katoroli kake, mwezi wa nane. Taa, sinia, na glasi sita. Nikamwambia, Mama, si hii imeandikwa jina la mtu? Akaisoma. Akaniambia, huyo simjui, ni mwanamke aliyekaa kwa hiyo nyumba kabla yangu."

Koti la buluu ni lako, Mama. Ile toroli yenye maua tuliinunua pamoja.

Umeniuliza jino la Merveille mara tatu. Chai ya nusu kikombe ni yako, barua ya benki ni yako, na majani uliyachovya wewe, kwa sababu hakuna mtu mwingine Birmingham anayeyapanga kwa ukubwa namna ile. Kazini kwangu naona watu wanaanza hivi. Nilijua tangu Septemba, nikajifanya sijui, kwa kuwa sikutaka kuwa mimi wa kukuambia. Kwetu husemwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimekuwa nikikusaidia kuficha.

Hakuna mwizi. Jumatatu nitakuja. Nifungulie.

Mtoto wako,
Sabine


Jumanne, 21 Oktoba 2025

Mama,

Jana ilikuwa Diwali yenu. Nimegonga saa nzima. Nimeona pazia likisogea na nimeona mkono wako, na panga nimeliona. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni, lakini niliogopa kuutumia. Nimekaa kituo cha basi ng'ambo ya barabara mpaka miguu ikafa ganzi, nikitazama kama kuna moshi.

Naipitisha barua hii kwenye tundu la mlango. Usiponijibu, Ijumaa namwambia Varsha, na uniite utakavyo.

Sabine


Moseley
Alhamisi, 23 Oktoba 2025

Mwanangu Sabine,

Salamu nyingi kwako, kwa Gédéon na kwa Merveille. Mimi leo ni mzima. Naandika asubuhi, baada ya kuoga na kula mkate, na kichwa kimetulia. Sijui kitatulia mpaka saa ngapi, kwa hiyo naandika haraka, na mwandiko uuvumilie.

Barua yako ndefu nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilitaka kuichoma, kiberiti nikakikosa. Ya pili nilikutukana kwa Kigujarati, peke yangu ukumbini, matusi ambayo mama yangu asingeamini nayajua. Nikasema mwongo huyu, anataka kunitia wazimu. Kisha nikaenda kulitoa lile koti ili nikuthibitishie kwamba mfukoni hamna kitu. Nikakuta karatasi. Imeandikwa kwa Kigujarati, kwa mkono wangu, kalamu yangu ya kijani: vitu vya yule mwanamke vitoke kabla ya Diwali.

Mwizi ningemfungia mlango, Sabine. Huyu nitamfungia wapi? Anavaa nguo zangu. Naogopa kuliko siku nilipotua nchi hii nikiwa bibi harusi na sweta moja. Siku ile sikumjua mtu yeyote, lakini mimi nilijijua.

Kwa kuingia nyumbani mwangu nimekusamehe. Kwa kunidanganya juu ya Mandeep sijakusamehe bado, nipe wiki. Panga nimelitumbukiza kwenye pipa la taka la nje. Leo asubuhi wamekuja kulibeba, nimesimama dirishani nikahakikisha.

Nimempigia Varsha. Nimemwomba aje kesho Ijumaa saa nne asubuhi, na wewe uje saa hiyo hiyo. Barua hii naituma kwa teksi ikufikie leo. Sikuweza kumwambia kwa nini. Nilifungua mdomo nikamwuliza habari za gari lake. Kwa hiyo utamwambia wewe, kwa Kiingereza, bila kupunguza: taa, jiko, koti, panga. Atalia, mpe kiti. Mwulize kama kuna nyumba isiyo na samaki. Mwulize kama naweza kukaa kwake kwanza, hata mpaka Krismasi tu, hilo mimi siwezi kumwomba.

Sasa nisikilize vizuri. Kesho nikiwa hivi nilivyo leo, mambo yatakuwa mepesi. Lakini yawezekana mkute yule mwingine. Nikikataa kufungua, tumia ufunguo wako. Nikikuita mwizi mbele ya binti yangu, usijitetee wala usiondoke. Toa barua hii unisomee polepole, kwa Kiswahili, hata kama Varsha haelewi. Nikisema sikuiandika mimi, usibishane nami. Endelea kusoma mpaka mwisho, halafu mwambie Varsha afunge sanduku langu la nguo.

Mama yako,
Neeta